Pilipili hoho
Pilipili hoho (Capsicum annuum) ni pilipili isiyowasha, ya jamii moja na nyanya, biringanya na viazi mviringo. Asili ya spishi hii ni Meksiko na Amerika ya Kati. Hoho haina ukali kwa sababu jeni inayotengeneza kapsaisini, kemikali inayoleta ukali, haifanyi kazi ndani yake. Wengi huogopa kuipanda karibu na pilipili kali, lakini hofu hiyo haina msingi kwa msimu uliopo: uchavushaji mtambuka hubadilisha mbegu tu, na ukali hujitokeza zikipandwa hizo mbegu.

Kwa bustani ya nyumbani, California Wonder ni aina ya zamani inayopatikana kwa urahisi Afrika Mashariki. Mbegu husiwa kitaluni. Miche huhamishwa baada ya wiki 6 hadi 8, kwa nafasi ya sentimita 45 hivi, pasipolimwa nyanya msimu uliotangulia. Kwa asiye na nafasi ya bustani, ndoo kuukuu iliyotobolewa chini nayo inatosha. Umwagiliaji wa kubahatisha ndio adui mkubwa: mmea hushindwa kufikisha kalisi kwenye tunda, na kitako chake huoza.

Hoho za kijani ni changa tu. Zikiachwa mtini hugeuka nyekundu, njano au rangi ya chungwa kutegemea aina, zikiwa tamu zaidi na zenye vitamini C nyingi zaidi.