Kitabu Kilichokuja na Mgeni

Ukilipia chumba Mtito Andei, Kaunti ya Makueni, pale safari ya Nairobi na Mombasa inapokatika katikati, utapewa ufunguo, taulo na kipande cha sabuni. Chumbani utakuta kitanda, chandarua, ndara za plastiki na pengine meza ndogo yenye droo. Vuta droo hiyo. Huenda ukakuta kitabu chenye jalada gumu na nembo ya mtungi na mwenge: Biblia, au Agano Jipya peke yake. Katika baadhi ya lojing'i kitabu hicho kimelala pamoja na pakiti ya kondomu na kijiti cha dawa ya mbu.

Usingizi ukigoma, wapo wanaokisoma. Wengine hukisogeza wapate pa kuweka simu. Na wapo wanaojiuliza kimya kimya mbona kimewekwa hicho tu. Kaunti za Makueni na Kitui zina Wakristo wengi, wa Africa Inland Church (AIC), wa Katoliki na wa makanisa mengineyo, kwa hiyo ni nadra swali hilo kuulizwa kwa sauti. Lakini barabara ya Mombasa haichagui abiria. Waislamu wa Pwani hulala Emali na Kibwezi, Wahindi na Masingasinga husimama Makindu, wajenzi kutoka China wamekuja na reli mpya na Bwawa la Thwake, na kuna Wakenya wasiofuata dini yoyote. Wote hao wanalipia chumba kilekile.

Habari za kitabu hiki zinaanzia mbali, tena zinaanzia hotelini. Mwezi Septemba 1898, katika mji mdogo wa Boscobel, jimbo la Wisconsin, Marekani, hoteli ya Central House ilijaa wageni. Wachuuzi wawili wasiojuana, John Nicholson na Samuel Hill, ikawabidi walale chumba kimoja. Kabla ya kulala walisoma Biblia na kuomba pamoja. Tarehe 1 Julai 1899, wao na mwenzao Will Knights waliunda chama cha wafanyabiashara Wakristo wasafiri mjini Janesville. Wakakiita Gideons, kwa jina la Gideoni, yule mwamuzi wa Israeli aliyelishinda jeshi kubwa kwa watu 300 wenye tarumbeta, mitungi na mienge. Mwaka 1908 waliweka Biblia zao za kwanza katika vyumba vya hoteli ya Superior, jimbo la Montana.

Tangu hapo kazi hiyo imeenea karibu kila pembe ya dunia, Kenya ikiwemo. Wakenya wengi wanawajua Gideons kwa vitabu vidogo vya Agano Jipya walivyogawiwa shuleni. Ni watu wanaojitolea, na vitabu vyao havilipiwi na hoteli wala na mgeni.

Ukambani, nchi ya Wakamba ambako Kitui na Makueni ziko, mambo yalianza kwa mkondo mwingine. Kabla ya mwenyeji kumwekea mgeni kitabu, mgeni ndiye aliyekuja nacho.

Mwezi Novemba 1849 Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa Church Missionary Society ya Uingereza, alitoka Rabai akakata nyika hadi Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu. Kivoi alimkaribisha. Ni katika ziara hiyo, tarehe 3 Desemba, Krapf alipouona Mlima Kenya. Mwaka uliofuata tafsiri yake ya Injili ya Marko kwa Kikamba ilichapishwa Tübingen, Ujerumani. Kitabu kilitangulia wasomaji wake, kwa sababu shule hazikuwepo Ukambani.

Krapf alirudi mwaka 1851, na safari hii nusura imuue. Yeye na Kivoi walikuwa njiani kwenda Mto Tana msafara wao ulipovamiwa na Kivoi akauawa. Krapf alijikuta peke yake nyikani. Alipofika mtoni alikunywa, kisha akajaza maji katika mitutu ya bunduki na katika mfuko wa ngozi wa darubini, maana hakuwa na kibuyu. Jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo cha mzee wao, ikambidi atoroke usiku. Ulinzi wote aliokuwa nao katika nchi ile ulikuwa ni wa mwenyeji wake, na mwenyeji alipoondoka, ulinzi nao ukaisha. Kituo alichokusudia kukijenga Ukambani hakikusimama.

Miaka 40 ikapita kabla ya wengine kuja kukaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Walutheri wa Ujerumani walifungua kituo Ikutha, kusini mwa Kitui, na baadaye wakafika Mulango, karibu na mji wa Kitui wa leo. Upande wa Makueni, kundi la kwanza la Africa Inland Mission likiongozwa na Peter Cameron Scott lilipiga kambi Nzaui mwezi Desemba 1895. Scott hakumaliza hata mwaka mzima: alikufa kwa homa tarehe 4 Desemba 1896. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani, vituo vyao vikashikwa na Africa Inland Mission. Agano Jipya kwa Kikamba likatoka mwaka 1920, na Biblia nzima mwaka 1956. Tangu Marko ya Krapf hadi hapo ni zaidi ya karne moja, na ndani yake kuna wazee wa Kikamba wengi waliokaa na wamisionari wakiwasahihisha neno kwa neno. Majina ya wengi wao hayakuandikwa kwenye jalada lolote, na hiyo ni dhuluma.

Ndiyo maana inashangaza kwamba kitabu cha droo, hata katika lojing'i ya mjini Wote au Mwingi, aghalabu ni cha Kiingereza au Kiswahili. Mama aliyetoka kijijini kuja kumwangalia mgonjwa hospitalini, akalala mjini usiku mmoja, ndiye angefurahia zaidi kukuta Kikamba.

Lakini kisa cha kufundisha zaidi kuhusu vitabu na wageni kiko Makindu, na hakihusu Biblia. Reli ya Uganda ilipita hapo mwishoni mwa karne ya 19, na Makindu ikawa kituo muhimu cha kazi. Masingasinga walioletwa kutoka India kujenga na kuendesha reli walikuwa wakikutana kwa ibada, na mwaka 1926 hekalu lao, yaani gurdwara, likajengwa. Bado lipo kando ya barabara kuu. Msafiri yeyote, wa dini yoyote, anavua viatu, anafunika kichwa, anakaa chini na kupewa chapati, dengu na chai bila malipo. Akichoka sana, kuna vyumba vya kulala, navyo ni vya bure. Mwenye nacho hutoa sadaka. Masharti ni machache: pombe na sigara ni marufuku.

Hapo ndipo penye fundisho. Hawa ni watu wa dini hasa, wamemlisha na kumlaza mgeni kwa imani yao, lakini kitabu chao kitakatifu huwezi kukikuta kwenye droo ya chumba. Guru Granth Sahib, yenye kurasa 1,430, kwao ndiye Guru mwenyewe, yaani mwalimu wao mkuu, tangu mwaka 1708, Guru Gobind Singh alipotangaza kwamba baada yake hakuna Guru mwingine ila Maandiko. Huwekwa juu ya kiti cha heshima chini ya kitambaa kilichotandazwa kama paa. Usiku hupelekwa kupumzika katika chumba chake, alfajiri hurudishwa na kufunguliwa. Mgeni akikitaka, anakifuata kilipo.

Kwa Waislamu nako, chumba cha kukodi kina matatizo yake. Tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyochapishwa na Islamic Foundation ya Nairobi mwaka 1969, inapatikana kwa urahisi, na hakuna linaloizuia lojing'i kuwa nayo. Ila Waislamu wengi hawapendi msahafu uachwe katika droo ambamo mtu wa jana aliweka soksi, au chumba ambamo watu wanakunywa bia. Wao hushika msahafu baada ya kutawadha na huuweka mahali pa juu. Mahitaji yao ya haraka ni mengine: maji, mkeka safi wa kusalia na kujua kibla kilipo. Hoteli nyingi za Ghuba hubandika mshale darini au ndani ya droo. Kitui na Makueni hilo ni jepesi mno, kwa kuwa Makka iko karibu kaskazini kabisa, ukiegemea mashariki kidogo tu. Mhudumu yeyote anaweza kumwonyesha mgeni kwa kidole.

Ughaibuni desturi imeanza kubadilika. Huko Marekani, utafiti wa kampuni ya takwimu za hoteli ya STR ulionyesha kwamba hoteli zilizoweka vitabu vya dini vyumbani zilishuka kutoka asilimia 95 mwaka 2006 hadi 48 mwaka 2016. Hoteli za Marriott, ambazo waanzilishi wake ni Wamormoni, zimezoea kuweka Kitabu cha Mormoni pamoja na Biblia. Japani, shirika lililoasisiwa na Yehan Numata mwaka 1965 huweka hotelini mafundisho ya Buddha. Na mwaka 2014 hoteli za Travelodge za Uingereza ziliondoa Biblia vyumbani zikaziweka mapokezi, anayetaka aombe. Kelele zilipigwa, lakini mpango wenyewe ni wa busara.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haimkatazi mwenye nyumba kuweka Biblia. Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa. Cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa kuabudu na kufundisha imani yake, na papo hapo kinakataza mtu kunyimwa huduma kwa sababu ya dini au kulazimishwa jambo linalopingana na imani yake. Kitabu kilichofungwa hakimlazimishi yeyote. Nyumba ya wageni ya kanisa ina haki kamili ya kuweka Biblia kila chumba, na anayekwenda kulala huko anajua anakokwenda. Lojing'i ya barabarani ni jambo tofauti: inamwalika kila apitaye, na ikiweka kitabu cha dini moja bila kuulizwa, imekwisha kukisia mgeni wake ni nani. Kumkisia mgeni kabla hajasema ni upungufu wa adabu, hata kama nia ni njema.

Wala kuondoa vitabu vyote si jibu. Wapo watu wanaolala katika vyumba hivyo wakiwa wametoka kuzika, au wakisubiri matokeo ya hospitali, au wakiwa na mawazo mabaya saa tisa za usiku. Biblia ya Kikamba sasa inasomeka kwenye simu, lakini si kila mtu ana simu ya namna hiyo, na bando huisha.

Rafu moja mapokezi ingetosha: Biblia ya Kikamba na ya Kiswahili, na msahafu wenye tafsiri kwenye ubao wa juu. Gideons hawatozi, na misikiti ya Kitui na ya miji ya barabarani haitakosa nakala ya kutoa. Kazi iliyobaki ni ya mwenye lojing'i: amfundishe mhudumu kwamba, anapoandika jina la mgeni daftarini, amwambie ni vitabu gani vipo, kaskazini ni upande gani, na kwamba akihitaji chochote kati ya hivyo, hata usiku wa manane, agonge mlango aletewe.