Roketi Inapoiita Radi

Tarehe 14 Novemba 1969, mvua ilikuwa ikinyesha kwenye pwani ya Florida, Marekani, pale roketi ya Saturn V ilipopaa na wanaanga watatu wa Apollo 12. Rais Richard Nixon alikuwepo kushuhudia. Sekunde 36 tu baada ya kuruka, radi iliipiga roketi. Ilipofika sekunde ya 52, ikapigwa tena. Taa za tahadhari zikawaka kwa wingi, mitambo ya kuzalisha umeme ndani ya chombo ikajikata, na takwimu zilizokuwa zikipokelewa kwenye kituo cha kuongozea safari, Houston, zikavurugika.

Aliyeokoa safari ni kijana John Aaron, msimamizi wa umeme wa chombo akiwa Houston. Alikumbuka kwamba aliwahi kuona vurugu ya namna hiyo kwenye majaribio, akaagiza swichi iitwayo SCE igeuzwe upande wa akiba. Kamanda Pete Conrad hakuielewa amri hiyo. Mwenzake Alan Bean aliijua swichi, akaigeuza, na takwimu zikarudi. Siku tano baadaye Conrad na Bean walitua mwezini.

Uchunguzi ulionyesha kwamba radi ile iliitwa na roketi yenyewe. Mawingu yalikuwa na chaji ambayo peke yake isingetoa radi. Lakini chuma chenye urefu wa mita 110, pamoja na mkia wa moto unaopitisha umeme, viliifungulia njia.

Inauma kwamba somo hilo, la kutorusha roketi kwenye mawingu ya namna hiyo, halikushika. Tarehe 26 Machi 1987, pwani ile ile, roketi ya Atlas-Centaur ikarushwa kwenye mawingu mazito ikiwa na satelaiti ya jeshi. Radi ikavuruga kumbukumbu ya kompyuta yake, kompyuta ikatoa amri ya kugeuka ghafla, na roketi ikavunjika angani. Hapo ndipo kanuni za radi zilipoandikwa upya na kukazwa.

Tarehe 27 Mei 2020, wanaanga Doug Hurley na Bob Behnken walikuwa wameshafungwa mikanda ndani ya chombo cha SpaceX, zikiwa zimebaki chini ya dakika 17 kabla ya kuruka. Vipimo vilionyesha umeme mwingi angani, roketi ingeweza kuiita radi, na safari ikaahirishwa. Waliruka siku tatu baadaye, wakafika salama.