Safu ya Lugha: Hawala

Limezuka siku hizi, magazetini na hata vinywani mwa watu wazima wanaokijua Kiswahili, kosa la kulitaja neno hawala kana kwamba maana yake ni kuficha fedha za haramu. Nami sina budi kulitetea neno hilo. Asili yake ni Kiarabu, katika shina lile lile lililotupa hawilisha, yaani kuhamisha, na katika sheria ya Kiislamu hawala ni kulihamisha deni kutoka dhima ya mtu mmoja hadi dhima ya mwingine. Kijana aliyeko Dubai humkabidhi dalali dirhamu zake, na mama yake Mombasa akapokea shilingi kwa dalali wa pili, hali fedha zenyewe hazikuvuka bahari. Lililovuka ni deni, na madalali hao, ambao pengine hawajapata kuonana kwa macho, huja kulipana baadaye, bila rehani wala hati ya mahakama, kwa kutumainia jina la kila mmoja wao sokoni, maana atakayefanya hiana mara moja habari zake humtangulia katika kila bandari, wala hapati tena wa kushirikiana naye. Wala hawala isichanganywe na maneno jirani yake. Hundi, neno tulilolipata India, ni waraka wa kuamuru malipo. Amana ni mali iliyowekwa irudishwe yenyewe. Karadha ni mkopo tu. Wako wanaoitumia hawala kwa dhuluma, kama walivyo wanaozitumia benki, lakini enyi waandishi, tafadhalini, mhalifu mwiteni mhalifu, na hawala iacheni na maana yake.