Vyombo vya habari vya LTTE

Vyombo vya habari vya LTTE vilikuwa redio, magazeti, filamu na televisheni za Chui Milia wa Ukombozi wa Tamil Eelam, kundi lililopigania dola ya Watamil kaskazini na mashariki mwa Sri Lanka hadi liliposhindwa Mei 2009. Kazi yake kubwa haikuwa kupasha habari za vita, bali kuifanya nchi isiyotambuliwa na serikali yoyote ionekane kuwa tayari ipo. Kila tarehe 27 Novemba, Siku ya Mashujaa iliyoadhimishwa tangu 1989, redio ya Sauti ya Chui ilirusha hotuba ya kiongozi wao, Velupillai Prabhakaran, kama ya mkuu wa nchi. Serikali ya Sri Lanka ilijua uzito wa jambo hilo: ndege zake ziliishambulia redio hiyo siku hiyohiyo mwaka 2007.

Wapo wanaosema utaifa wa Kitamil ulitokana na dhuluma, si matangazo. Ni kweli kwamba sheria ya 1956 iliyofanya Kisinhala lugha rasmi pekee, na mauaji ya Watamil ya Julai 1983, vilitangulia. Lakini manung'uniko hayo yaligawanywa na vyama vingi hasimu, na vyombo vya LTTE viliyapa sauti moja. Wengine hutaja hofu, kwa kuwa kundi liliwaua wapinzani wa Kitamil. Hofu inaeleza ukimya wa nyumbani. Haielezi kwa nini Watamil wa Uingereza na Kanada waliendelea kuadhimisha Siku ya Mashujaa baada ya bunduki kunyamaza.