Msaada wa Kilimo Maruku: Kutoka Amri Hadi Daftari



Kila tunapokutana mijini swali ni lilelile: serikali inawasaidiaje wazee wetu waliobaki kwenye vibanja? Sisi ambao kazi yetu ni hesabu huanza na vitabu vya nyuma, basi tuanze huko.

Wakati wa Mwingereza msaada ulikuja kama amri. Mwaka 1937 kanuni za kutunza kahawa ziliwaudhi wakulima wa Bukoba hadi zikatokea ghasia. Miaka ya 1950 mvutano ukarudi Kamachumu, safari hiyo juu ya amri za kupambana na fukusi wa migomba. Wazee hawakuwa wajinga. Kibanja kilikuwa na utaratibu wake: mgomba, mbuni na maharage pamoja, nyasi za kutandaza zikitoka rweya, samadi ikitoka kwa ng'ombe aliyelishwa rweya hiyohiyo. Hiyo ndiyo hifadhi ya udongo, kabla haijapewa jina hilo kwenye semina. Walichokataa ni mtu kuingia shambani mwao na adhabu mkononi. Leo ng'ombe wamepungua, rweya nyingi zimepandwa misonobari na mikaratusi, na kibanja kinakula akiba yake bila kurudishiwa.

Baadaye msaada ukaja kama mradi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 KCDP, kwa fedha za Ubelgiji, ilileta migomba mipya, mingi ya jamii ya FHIA kutoka Honduras, na machipukizi zaidi ya milioni 2 yakasambazwa Kagera. Wapo waliosema ndizi zile hazifanani na nshakara mdomoni. Kweli hazifanani. Lakini zilibeba mikungu mikubwa mahali ambapo migomba ya zamani ilikuwa imechoka, na si haba. Kwa tulivyoona, aliyewahi kupata ni yule aliyekuwa kwenye kikundi. Mjane wa pembeni aliomba chipukizi kwa jirani. Mwaka 2006 mnyauko ulipobainika Muleba, hata chipukizi la jirani likawa la kuogopwa.

Zikaja vocha za pembejeo kuanzia 2008. Zilikuwa za mahindi na mpunga. Watu wa matoke tulizisikia redioni.

Sasa msaada ni daftari. Tangu msimu wa 2022/23 mkulima hujiandikisha kijijini kwake, akapewa namba, na kwa namba hiyo hununua mbolea ya ruzuku kwa wakala. Utaratibu ni mzuri, ila kwetu una tundu. Kibanja kinajulikana kwa jina la marehemu au la kijana aliyeko mjini, anayelima ni mama. Simu iliyoandikwa ni ya mtoto. Ujumbe unamkuta kwenye foleni ya Ubungo, mbolea iko Bukoba.

Na mengine yako karibu kuliko tunavyodhani. TARI Maruku, kituo tunachokipita kila tuendapo likizo, kazi yake ni migomba: hapo ndipo pa kuulizia machipukizi safi na namna ya kuukabili mnyauko, yaani kung'oa mgonjwa mapema, kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, na kupitisha panga kwenye moto kabla ya kuhamia shina jingine. Miche ya kahawa iulizwe TaCRI au kwenye chama cha msingi. Mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyositishwa 2023 na kurejeshwa 2024, ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Kwa hiyo mchango wa mwaka huu hatuombi wa kununua mbolea. Tunaomba nauli za kuwafikisha wazee ofisi ya kijiji na kuwarudisha, posho ya vijana wawili watakaopita nyumba kwa nyumba na afisa ugani kuhakiki majina, na fedha ya kitalu kimoja cha machipukizi safi, ambacho hesabu yake itasomwa mbele ya wote Desemba. Kabla ya kuleta chako, mpigie mama umuulize namba yake ya mkulima imeandikwa kwenye simu ya nani.