Romanée-Conti

Romanée-Conti ni shamba la mizabibu katika kijiji cha Vosne-Romanée, eneo la Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa. Ni pia jina la divai nyekundu inayotengenezwa kwa zabibu za shamba hilo pekee. Divai hiyo ni kati ya zile za bei kubwa kabisa duniani.

Shamba

Shamba lina hekta 1.8 tu, yaani takriban viwanja viwili na nusu vya mpira wa miguu. Liko kwenye mteremko unaotazama mashariki, na udongo wake ni mfinyanzi uliochanganyika na mawe ya chokaa. Zabibu zinazolimwa ni za aina moja, Pinot noir. Kila mwaka hupatikana chupa elfu chache tu. Idadi hiyo haiwezi kuongezwa sana, kwa sababu sheria hairuhusu divai ya shamba lingine, hata la jirani, kuitwa kwa jina hilo. Mwaka 2015 UNESCO iliingiza mashamba ya Bourgogne, yenye majina na mipaka ya tangu kale, katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Historia

Katika Zama za Kati ardhi hiyo ilikuwa mali ya watawa wa Saint-Vivant. Mwaka 1760 shamba lilinunuliwa na Louis François de Bourbon, mwanamfalme wa Conti, na kutokana naye likapata sehemu ya pili ya jina lake. Wakati wa Mapinduzi ya Kifaransa lilitaifishwa, kisha likauzwa. Tangu mwaka 1942 linamilikiwa kwa ubia na familia za de Villaine na Leroy.

Katika karne ya 19 mdudu filoksera, anayeshambulia mizizi, aliangamiza mizabibu mingi ya Ulaya. Wakulima wengi waliokoa kilimo chao kwa kupandikiza mizabibu yao juu ya mashina ya Kimarekani yanayomstahimili mdudu huyo. Romanée-Conti iliendelea na mizizi yake ya asili kwa kutibu udongo kwa kemikali. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia dawa hiyo iliadimika, na mizabibu ikadhoofika. Mavuno ya mwaka 1945 yalitoa chupa 600 hivi, kisha mizabibu yote ikang'olewa. Mipya ilipandwa mwaka 1947, ikiwa imepandikizwa, na matawi yake yalitoka shamba la La Tâche. Hakuna divai ya Romanée-Conti ya miaka 1946 hadi 1951.

Sifa na bei

Rangi yake si nzito. Ikiwa changa hunukia waridi na matunda mekundu. Ikikaa miaka mingi huwa na harufu ya uyoga na viungo.

Mwaka 2018 chupa moja ya mwaka 1945 iliuzwa mnadani New York kwa dola za Marekani 558,000, rekodi ya wakati huo. Ilikuwa divai ya mwisho ya mizabibu ya zamani.