Hildebrand & Wolfmüller: Kampuni Iliyotuachia Pikipiki

Watu wakiulizwa pikipiki ya kwanza hukimbilia kumtaja Gottlieb Daimler na chombo chake cha mbao cha mwaka 1885. Heshima yake iko palepale. Ila kile kilikuwa cha kujaribia injini, hakikuingia sokoni. Mtu aliyetaka kutoa pesa zake akaondoka na pikipiki alingoja hadi 1894, akaipata Munich, Ujerumani, kwa Hildebrand na Wolfmüller. Sisi tuliozeekea gereji tuna deni kwa watu hawa.

Walianza ndugu wawili, Heinrich na Wilhelm Hildebrand, ambao mikono yao ilishazoea injini za mvuke. Akajiunga nao Alois Wolfmüller, mzaliwa wa Landsberg am Lech, kijana ambaye hajafika miaka 30 na ambaye nusu ya akili yake ilikuwa angani. Alikuwa akiandikiana barua na Otto Lilienthal, yule bingwa wa kuruka kwa mabawa, hata akanunua kwake chombo kimoja cha kuruka. Wa nne ni Hans Geisenhof, fundi. Jina lake halikuandikwa kwenye kibao cha kampuni, na wenzangu wa spana mnajua kwa nini. Mimi, kila nikiitazama picha ya mashine ile, naona mkono wa Geisenhof kwanza.

Hataza ya pikipiki yao ilitoka Januari 1894, na humo chombo hicho kikaitwa Motorrad, jina ambalo Wajerumani wanalitumia mpaka leo. Sisi tulipoletewa chetu tuliusikiliza mlio wake tu, tukaita pikipiki.

Injini yenyewe sasa! Silinda mbili, cc 1,489. Bodaboda ya cc 150 inaingia humo karibu mara kumi, lakini nguvu zake zilikuwa za farasi wawili na nusu tu, nayo ikizunguka mara 240 kwa dakika. Cheni haina, giaboksi haina, klachi haina. Konrodi zimetoka kwenye pistoni moja kwa moja hadi krenki ya gurudumu la nyuma, kama za gari moshi, na gurudumu hilohilo ndilo flaiwili. Pistoni zirudi vipi? Kwa mipira! Mikanda minene ya mpira imefungwa pembeni, inavutika na kurudi, inazisaidia. Maji ya kupozea injini yamo ndani ya madigadi ya nyuma. Oili imo ndani ya bomba moja la fremu. Hakuna kilichokaa bure pale, na tairi zilikuwa za upepo wakati magari mengi bado yalitembelea mpira mgumu.

Kuiwasha kulitaka moyo. Plagi hamna, kuna mrija wa platinamu unaochomwa kwa moto wa taa mpaka uive mwekundu. Ukishaiva, unashika usukani, unakimbia na pikipiki ubavuni kama mtu ambaye betri imemfia njiani, injini ikishika unarukia kitini. Ukitaka kusimama, unaizima, kwa sababu gurudumu na injini ni kitu kimoja. Ikichangamka ilifika kilomita 45 kwa saa, na farasi wa enzi hizo hawakuizoea.

Ilipendwa upesi. Ufaransa, kampuni ya Duncan na Suberbie ilichukua leseni ya kuitengeneza. Mwaka 1895 ilishiriki mbio za Turin–Asti–Turin kule Italia, na zile za Paris–Bordeaux–Paris, ingawa kufika mwisho wa hizi za pili ni habari nyingine. Mwaka 1896 ilishaendeshwa Tokyo.

Baadaye mambo ya fedha hayakukaa sawa. Mwendo wa polepole ulikuwa wa kushtukashtuka, mrija ulikuwa na hasira zake, na baadhi ya wateja walirudisha mashine wakitaka chao. Bei nayo, wanasema, haikurudisha gharama. 

Yaliyofuata ni haya. 1896: Lilienthal, yule wa barua na Wolfmüller, aanguka akiruka na kufa. 1897: kampuni yafungwa. Baadhi ya pikipiki zake zilizosalia zimo kwenye makumbusho, yakiwemo Deutsches Museum ya Munich na Science Museum ya London. 1923: BMW, palepale Munich, yatoa pikipiki ya R32, cc 494, farasi 8.5, yenye klachi, giaboksi na shafti ya kuzungusha gurudumu. Wolfmüller alikuwa hai bado, miaka 59. Alifariki 1948.